Neno Moja kwenye Kadi ya Kereng'ende

Wenzangu wa benchi la fundi viatu, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza: Mzee Karani, siku tisa zote kule Kasulu ulikuwa unatafuta nini? Mmoja wenu kasema nimeoa. Mwingine kasema nilikwenda kutibiwa macho. Nimewaacha mseme, kwa sababu kila nilipotaka kujibu mdomo ulikauka. Kalamu kwangu ni nyepesi kuliko mdomo. Ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote, na ndiyo iliyonitia katika jambo hili. Basi nimeandika, na Mwalimu Ernest awasomee, kwa kuwa ana sauti nzuri na ndiye aliyelianzisha bila kujua.

Mnakumbuka siku ile ya Machi, mwaka huu wa 2014, Ernest aliporudi kutoka Kasulu akatuchekesha. Alisema misheni moja ya kule ina chumba cha makumbusho, na kwamba kati ya ngoma, majembe ya kale na mawe ya kusagia kuna kabati dogo la kioo lenye pini ya kifuani ya kizungu. Pini yenyewe ina umbo la kereng'ende, na mabawa yake yanapitisha mwanga kama dirisha la kanisa. "Sasa chini yake," Ernest akasema, "kuna kadi inayotaja aliyeiiba! Jina na kijiji! Watoto wa shule wakipelekwa pale wanaipenda kadi kuliko pini." Mkacheka. Mimi nikasema naenda kujisaidia, na siku hiyo sikurudi tena kwenye benchi.

Kadi ile niliiandika mimi.

Nilikuja pande hizi nikitokea Korogwe, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyemaliza sekondari na kupangiwa ukarani wa mahakama ya mwanzo upande wa Kasulu. Kiha sikukijua hata salamu. Siku moja mkalimani wetu aliugua, na hakimu, naye mgeni kutoka kusini, akaniambia, "Wewe una miezi mitatu hapa, tafsiri." Mshtakiwa alikuwa msichana wa Kitanga, Skolastika, aliyekuwa akimfulia nguo mama mmoja wa kizungu, mjane wa daktari. Alikutwa na pini ya mama huyo imefungwa kwenye pindo la khanga yake. Hakimu akamuuliza ilifikaje pale. Skolastika alijibu maneno mengi kwa sauti ndogo, na ndani yake nikasikia moja: narayibagiye. Masikio yangu ya Korogwe yakadaka ile "iba" iliyo katikati. Nikamwambia hakimu, anakiri, anasema aliiba. Akafungwa miezi sita.

Kwa Kiha, kwibagira ni kusahau.

Nilikuja kulijua hilo baada ya miaka mitatu, jikoni kwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Mboga haikuwa na chumvi, na yule mama akasema, "Umunyu narawibagiye." Nikamtania Yustina, mchumba wangu, nikamwambia kumbe mama yako mwizi wa chumvi. Yustina akacheka sana, kisha akanieleza maana. Nilibaki na tonge mkononi.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga. La pili silo. Mwaka mmoja baada ya chumvi ile, padri aliyekuwa akikusanya vitu vya makumbusho aliniomba nimwandikie kadi, maana mwandiko wangu ulisifiwa. Mjane alikuwa ameondoka nchini akaiacha pini misheni, hakutaka kuivaa tena. Padri aliniwekea mezani maelezo ya kesi ili niyafupishe. Nilijua ukweli. Ningeweza kuusema pale pale. Lakini nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo na kuhamishiwa Kibondo, na karani anayesema mtu amefungwa kwa tafsiri yake mbovu hapandishwi. Nikachovya kalamu nikaandika: iliibwa.

Ndiyo maana nilikwenda Kasulu.

Kibondo hadi mbele ya Kifura

Basi liliondoka na ukungu. Mnajua asubuhi zetu za masika, vilima vinavyoelea bila miguu na miti ya barabarani inayokuja mmoja mmoja kama watu wanaotaka kukuuliza jambo. Nilikaa dirishani. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na kila nilipofumba macho niliona mabawa. Kwa kweli nilikuwa nimezisahau rangi zake. Sikujua kama ni ya kijani au ya samawati. Nilikuwa nakumbuka tu kwamba niliyashika mara moja, siku ya kuandika kadi, nikaona vidole vyangu upande wa pili.

Mbele kidogo ya Kifura basi lilizama kwenye tope hadi tumbo. Dereva akasema nusu saa. Wanaume wakashuka kusukuma, nami nikashuka kwa heshima tu, maana mgongo wangu hausukumi kitu. Nusu saa ya dereva ikafika saa nane mchana. Jua lilitoka, na juu ya madimbwi mafuta ya injini yakatanda rangi za zambarau na kijani, yakazunguka taratibu. Nilisimama nikiyatazama hadi mama mmoja akanigusa mkono.

"Babu, usilishangae dimbwi, utaanguka humo. Njoo ule."

Alikuwa mama wa Kagerankanda aliyekuwa anarudi kutoka Gwarama kumtazama binti yake aliyejifungua. Alinipa muhogo wa kuchemsha na maharage ya mawese, yamepoa, matamu vile vile.

"Unakwenda msibani?" akaniuliza. "Una uso wa msiba."

"Hapana, mama. Naenda kurekebisha maandishi fulani."

"Maandishi ya nini?"

"Ya zamani. Mimi nilikuwa karani."

Hapo nilikosea, ilikuwa heri ninyamaze. Alichosikia yeye ni karani wa ardhi. Hazikupita dakika kumi, abiria watano wakawa mbele yangu: huyu jirani kasogeza mpaka, yule shamba la marehemu baba yake limeuzwa mara mbili. Nikajitetea, lakini mzee mmoja akasema, "Hao wa ardhi ndivyo walivyo, wakikutwa njiani wanakana kazi yao." Watu wakaangua kicheko. Mwishowe nikakaa juu ya jiwe nikawaandikia barua zao, goti likiwa meza yangu. Wale watu walisimama wakinitazama mkono, wakiamini kila ninachokiandika, na mimi nikaona aibu kubwa kuliko niliyotoka nayo nyumbani.

Lori la mahindi hadi Makere

Basi halikutoka siku ile. Tulilala kwa wenyeji, na asubuhi lori la mahindi likatuchukua wazee na akina mama. Nilipandishwa juu ya magunia kama gunia jingine. Nawaambia, wenzangu, kama hamjapita nchi hii mkiwa juu ya magunia, hamjaiona. Migomba ilipita chini yetu. Moshi ulitoka kwenye paa za nyasi bila moto kuonekana. Mama wa Kagerankanda aliimba kidogo, akalala, akaimba tena bila kuamka. Mimi nilikuwa nayapanga maneno nitakayomwambia mtunza makumbusho, na kila nikiyapanga lori liliruka, yakamwagika, nikaanza upya.

Makere mvua ilitushusha. Dereva alisema hasogei hadi ikatike. Nilikimbia, kama mbio zangu ni za kuitwa mbio, hadi chini ya turubai moja sokoni. Palikuwa na meza ndogo iliyojaa saa zilizofunguliwa matumbo, hereni, na taa ya kuunganishia. Mwenyewe alikuwa Mkongo wa makamo kutoka kambi ya Nyarugusu, kavaa tai, jina lake Floribert.

"Karibu, papa mzee. Mvua haina heshima. Saa yako iko na shida gani?"

"Sina saa, bwana."

"Basi ni wewe mwenyewe iko na shida. Kaa."

Nilikaa. Alikuwa anaunganisha hereni ya msichana, na nilipoona anavyoipuliza ile taa nikamuuliza kama aliwahi kuona pini yenye mabawa ya kioo. Nikamweleza: mwili wa pembe, fremu ya fedha, rangi zinazopitisha mwanga, kazi ya Ulaya ya zamani, ya wakati mama yake yule mjane alipokuwa bibi harusi. Aliweka koleo chini.

"Hiyo kazi ninajua. Babu yangu alitumikaka kwa bijoutier moja, fundi wa mapambo, kule Bukavu, Mbelgiji. Kwa Kifaransa inaitwaka émail. Unasaga kioo kama unga, unaijaza kwa tunyumba tudogo twa fedha, unatia ku moto. Hii ya bawa ndiyo nguvu zaidi, sababu hakuna kitu ku mugongo yake. Ukikosea moto kidogo tu, inapasuka."

"Ikipasuka unaweza kuiziba?"

"Kuziba? Hapana, papa. Ukiweka ingine ku juu, ile ya chini itaonekana siku zote. Unatoa yote, unasafisha, unaanza tena."

Mvua ilizidi. Sijui ni mvua au ni tai yake, nilijikuta nasimulia. Nikasema nina rafiki yangu mmoja, alikuwa karani, akatafsiri neno vibaya, msichana akafungwa, na baadaye akajua na bado akaandika uongo.

"Na huyo rafiki yako alishaombaka pardon?"

"Bado."

"Iko na miaka ngapi?"

"Kama mimi hivi."

Floribert alinitazama juu ya miwani yake. "Basi mwambie afanye vite, haraka. Na mwambie pia, huyo rafiki yako, viatu vyake viko na matope ya route yote ya Kibondo."

Akanipa kijiti nikakwangua viatu. Mvua ilipokatika alikataa nimuage kwa mkono mmoja. Akanishika yote miwili.

Kasulu

Nilifika Kasulu nimechoka, lakini mji ulinipokea vizuri: chai ya tangawizi, maandazi ya moto, na mchana samaki, mgebuka wa kukaanga ambao kwa ukubwa ulizidi sahani. Nilijichelewesha makusudi. Nilikula polepole, nikaosha mikono mara mbili, nikauliza njia ya misheni kwa watu watatu ingawa nilikuwa naijua.

Mtunza makumbusho alikuwa Sista Imelda, mzaliwa wa Mbinga, mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mvua chini ya joho. Alikuwa anapalilia maua. Alinifungulia chumba akasema, "Tazama, ila usiguse ngoma, ina mchwa."

Kereng'ende alikuwa pale pale dirishani. Mabawa yalikuwa ya kijani inayoingia kwenye samawati, na miishoni yana mstari mwembamba wa waridi kama ukucha wa mtoto. Mwanga wa mvua ulikuwa unapita ndani yake na kuanguka juu ya kadi, kwa hiyo mwandiko wangu wa ujana ulikuwa na rangi. Niliusoma kana kwamba ni wa mtu aliyekufa.

Pini ya kifuani, umbo la kereng'ende. Fedha, pembe na kioo. Ulaya, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Iliibwa na mfua nguo Skolastika wa Kitanga, ikarejeshwa.

Herufi zilikuwa nzuri mno. Zilikuwa na mikia.

"Sista," nikasema, "hii kadi ina neno la uongo. Naomba iondolewe."

"Mzee, mwezi uliopita alikuja mtu akasema ngoma ile ni ya babu yake. Kabla yake alikuja mwingine akasema jiwe lile la kusagia ni la shangazi. Wewe pini ni ya nani wako?"

"Si ya mtu wangu. Maandishi ndiyo yangu."

Alinipa karatasi na kalamu. Niliandika "Kitanga". Mkia wa g ulikuwa ule ule. Sista aliilinganisha karatasi na kadi, kisha akaketi. Nikamweleza yote, kesi, chumvi, cheo.

"Ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko roho," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Na huyo mama yu hai?"

"Sijui."

Nakiri kwenu hapa, wenzangu: nilikuwa natumaini asiniulize hilo. Nilitaka kubadilisha kadi, nipande basi, nirudi Kibondo bila kumwona usoni.

Sista Imelda alikuwa ameshasimama. "Mlimwandika mara mbili bila kumsikiliza. Mara ya tatu haitafanyika mikononi mwangu. Mtafute. Kama amefariki, niletee mwanawe. Neno likiondoka humu, liondoke yeye akijua."

Kitanga

Asubuhi nilimwomba mhudumu wa nyumba ya wageni anitafutie usafiri wa Kitanga. Akashtuka. "Tanga? Babu, huko ni siku mbili tatu, na basi ukapandie Kigoma au Kahama!" Nikasema Kitanga. Akasema, ndiyo, nimesikia lafudhi yako, wewe ni mtu wa Tanga, lakini umechelewa. Tulishindana hivyo hadi mwenye bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akaingilia: "Anataka Kitanga yetu, jamani. Muacheni, hata Tanga yao hawaitaki tena."

Tulipanda vilima taratibu. Upande mmoja milima ya Burundi ilikuwa ya bluu, imelala kama ng'ombe. Dereva aliuliza mara mbili njiani, na kila alipouliza tulisalimiana kwanza kwa makofi, mwakeye, mwakeye, habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, hata nikaanza kuombea salamu zisiishe. Kwenye nyumba ya tatu walituelekeza: kwa bibi Skolastika, pale penye mibuni.

Alikuwa hai. Alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, katikati ya lundo la maharage, anapukuchua. Nywele nyeupe zote, mikono yenye nguvu. Nilipiga makofi nikamwamkia kwa Kiha changu, akaitikia. Kisha nikasema kwa Kiswahili, "Mama, sidhani kama unanikumbuka. Mimi nilikuwa..."

"Nakukumbuka. Mvi zimekuja, lakini masikio ni yale yale."

Nilipiga magoti kwenye udongo. Nikamwambia neno nililosikia na neno alilosema. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza akauliza:

"Yule mama wa kizungu alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Hakimu?"

"Hakuna aliyenipa kitu, mama. Sikuelewa tu."

Mikono yake ikasimama. "Yemwe! Miaka yote hii nilisema, karani yule alikula kitu, ana nyumba ya bati kwa ajili yangu. Kumbe nimefungwa, na wewe hata hukula?" Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, na machozi yakatoka, na sikujua tena ni machozi ya nini. Mimi nilibaki nimepiga magoti.

Kisha nikamweleza kadi. Hapo hakucheka.

"Kadi naijua," akasema. "Mjukuu wangu alipelekwa na shule. Alirudi akaniuliza, bibi, Skolastika wa Kitanga ni nani mwingine? Gereza sikuwahi kumwambia mtu wa nyumba hii. Nikasema sijui. Lakini aliujua uso wangu." Akaokota punje zilizomwagika, moja moja. "Tangu siku hiyo anaficha vitu vyake. Simu, pesa ya daftari, hata mafuta ya kujipaka. Anaficha kwa heshima, bila kelele. Nikiingia chumbani anasema shikamoo bibi, na mkono unateleza chini ya mto."

Nikasema naomba unisamehe. Akasema, "La kusamehe silijui bado. Kwanza hilo neno litoke. Nitakuja na wewe, na mtoto atakuja. Lakini maharage haya mvua itayala. Mimi ulinifanyisha kazi miezi sita. Wewe nakupa siku mbili. Vuta mkeka."

Basi nilipukuchua maharage siku mbili. Nililala kwa katekista jirani, na kukipambazuka nilirudi mkekani. Vidole vilipasuka. Tulikula ugali wa muhogo na uyoga wa msituni, mtamu kama nyama, na bibi alizungumza na kila mtu aliyepita isipokuwa mimi. Wapita njia walimuuliza huyu mzee ni nani, akajibu, "Ni mfungwa wangu," wakacheka wakadhani ni utani wa mashemeji. Ukungu ulikuwa unashuka hadi barazani, ukatufunika, na kwa muda nilisikia tu punje zinaanguka kwenye ungo, zangu na zake, nisijue zipi ni zipi. Sijui kama nimewahi kupumzika vile.

Mjukuu, Anisia, binti wa kidato cha pili, alirudi kutoka bweni la shule jioni ya pili, Ijumaa, akanikuta. Alinisalimia, akauweka mkoba wake juu ya boriti, mahali ambapo mtu mfupi hafiki. Bibi yake aliona. Aliinamisha kichwa, akaendelea na maharage.

Kasulu tena

Tulishuka Jumamosi, bodaboda mbili. Sista Imelda alikuwa amevaa viatu vya kawaida siku hiyo. Alimsalimia Skolastika kwa kupiga goti, na bila kuulizwa akafungua kabati, akatoa pini, akaiweka kwenye kiganja chake.

Skolastika aliipima kwa kidole gumba.

"Ni ndogo," akasema. "Nilikuwa naikumbuka kubwa. Kubwa kama mkono."

Akaigeuza kwenye dirisha. Kijani na samawati vikaanguka juu ya mistari ya kiganja chake, vikatembea alivyokigeuza. Anisia alisogea bila kujua kama amesogea. Hata mimi nilisahau nilichokuja kufanya. Kereng'ende alikuwa kama anapumua, lakini ulikuwa ni mkono wa bibi.

Sista aliniletea kadi mpya. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya kumsafisha Skolastika kwa jina lake, nikayasema. Akakataa.

"Litoe jina langu. Sitaki kukaa humu, si kama mwizi, si kama msahaulifu. Mimi si chungu cha kale."

"Basi kadi itaeleza vipi?" Sista akauliza. "Watoto waliosoma ya kwanza watataka kujua."

"Si yupo aliyekosea? Aandike lake."

Nikaandika. Sikuiziba kadi ya zamani. Sista aliitoa yote kwenye fremu. Mpya ilisema pini ni ya fedha, pembe na kioo, kazi ya Ulaya ya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwamba mfanyakazi wa mwenye pini aliisahau kwenye pindo la khanga. Kwamba karani wa mahakama, na hapo nikaandika majina yangu matatu kamili, hakukijua Kiha akatafsiri kuwa aliiba, na alipojua kosa lake alinyamaza, akaliandika tena kwenye kadi ya kwanza. Herufi zilikuwa zimepinda. Sikuziwekea mikia.

Nikawasomea. Skolastika siku hizi Kiswahili anakijua, na alikuwa ameelewa, lakini alitikisa kichwa.

"Siku ile mimi sikusema Kiswahili. Isome kwa Kiha."

Nilifuta miwani. Kiha nimekisema miaka zaidi ya arobaini, nimekisema na mke wangu hadi siku aliyofariki, na bado pale niliogopa kama karani wa miezi mitatu. Nilikwenda neno kwa neno. Nilipofika penye aliisahau, nikasema: "Yarayibagiye."

"Rudia."

"Yarayibagiye."

"Ego," akakubali Skolastika. "Hivyo ndivyo nilivyosema."

Anisia alikuwa anamtazama, si kadi, si pini. Kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvunja kitu, akamuuliza kwa Kiha: bibi, sasa ulisahauje kitu kizuri namna hii?

Hilo ndilo swali ambalo hakimu angeliuliza siku ile, kama mimi ningetafsiri sawasawa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Skolastika alimrudishia Sista pini, akaketi kwenye benchi la wageni, akamvuta mjukuu wake karibu, akaanza kueleza, kwa sauti ndogo, maneno mengi.

Hawakuhitaji mkalimani. Nikachukua kofia yangu nikatoka nje, nikasimama penye maua ya Sista. Alichomjibu sikukisikia, na nikiulizwa na ninyi nitasema hivyo hivyo.